Mbio za matope Kasulu: Phoenix ya mkaa imetupita wote wenye baiskeli za gia. Imewezekanaje?

#1 Mteremko wa Tano
Wakuu, salaam.

Hili jambo limeninyima usingizi wiki ya pili sasa, naomba wajuzi mnisaidie. Jumapili ile iliyonyesha usiku kucha tulikuwa na mbio za baiskeli huku juu Kasulu, mizunguko miwili, jumla kama kilomita 38. Si barabarani. Njia za mashambani tupu: unapita migombani, unashuka bondeni, unavuka kijito, unapanda upande wa pili, unarudi. Kiangazi njia hiyo mtoto wa darasa la tatu anaipita akiwa na dumu la maji. Siku ile ilikuwa uji.

Tulianza watu thelathini na kitu. Wenye baiskeli za gia, shoki mbele na breki za diski, tulikuwa kumi na wawili. Yangu ni mtumba wa Ujerumani, tairi za 29, nimeilipa kidogo kidogo miezi mitano na mke wangu hajui bei kamili mpaka leo. Aliyeshinda ni mzee wa makamo anayeshusha mkaa mjini, na Phoenix yake nyeusi, baiskeli ya kizamani isiyo na gia. Kwenye keria bado kulikuwa na mipira ya kufungia magunia. Mguuni makatambuga. Alinipita mlima wa mzunguko wa pili akanisalimia, "pole na kazi", akaendelea.

Mimi nilimaliza wa tisa, baiskeli begani, mkono wa gia umejiviringisha kwenye spoku.

Swali langu: imewezekanaje? Na tafadhali, msije na "mazoezi mkuu". Nataka sababu ya kiufundi.

#2 Siti ya Nyuma
Nakaa hapa, karanga mkononi. Mkaa 1, Ujerumani 0.

#3 Fundi Gololi
Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe kule mwishoni. Mkono wa gia.

Nafanya baiskeli hapa Mwandiga mwaka wa kumi na saba huu. Kwenye tope la udongo mwekundu, ule mkono unaoning'inia chini ya meno ya nyuma ndio mtego wenyewe. Una vigurudumu viwili vidogo, cheni inazunguka humo imejikunja. Tope likichanganyika na majani na maganda ya migomba, vigurudumu vinagoma. Wewe juu hujui, unakanyaga tu. Cheni inauvuta mkono, unapinda, unaingia kwenye spoku. Kwisha habari.

Na kile kipande cha bati kinachoushika mkono kwenye fremu kimefanywa laini makusudi, kivunjike chenyewe kabla fremu haijavunjika. Kila kifuku watu wananiletea wakilalamika wameuziwa feki. Si feki, ndivyo kilivyo. Ukienda mbio za matope beba cha akiba mfukoni, hakina uzito wa maana.

Phoenix haina mkono. Jino la mbele moja, la nyuma moja, cheni imenyooka, tena ina kava lake la bati. Tope litaingilia wapi?

#4 Bwana Udongo
Namheshimu fundi, ila #3 inaeleza kwa nini mleta uzi alivunjikiwa. Haielezi kwa nini wale kumi na mmoja wengine nao walipitwa. Wote walivunja mikono?

Angalieni tairi. Phoenix inavaa 28 kwa 1½. Hizi za gia mara nyingi ni inchi 2 na robo hivi, zenye vinundu vifupi vilivyobanana, vya kukimbilia pakavu. Udongo wetu wa milimani huku ni tope juu, lakini ukichimba vidole vinne unakuta pagumu, changarawe. Tairi nyembamba inakata kama kisu cha siagi mpaka inagusa pagumu, inapata pa kushika. Tairi pana inaelea juu ya tope, inateleza, na vinundu vikishajaa inakuwa kama tairi kipara. Halafu tope linashika tope. Linapanda mpaka kwenye shingo ya fremu, gurudumu linakataa kuzunguka.

Hata wazungu wanaoshindana wana tairi zao za matope: nyembamba kuliko za kawaida, vinundu virefu vilivyoachana, ili tope lipate pa kutokea gurudumu linapozunguka. Mzee wa mkaa anayo nyembamba bila kununua kitu.

#5 Mtwana wa Sikonge
Hiyo ya kisu cha siagi ilete huku Tabora, bwana. Njoo Igunga mwezi wa pili, uingie mbugani na tairi yako ya inchi moja na nusu utafute hilo changarawe. Utalitafuta mpaka Wembere. Mbuga nyeusi haina chini. Tairi nyembamba inazama mpaka kwenye haba, pale katikati ya gurudumu, unaiacha baiskeli imesimama wima peke yake unaenda kutafuta jembe.

Huku mwenye tairi nene ndiye mfalme, na mfalme zaidi ni anayebeba baiskeli kichwani.

#6 Bwana Udongo
#5 nakupa haki yako, sikusema ni kanuni ya dunia nzima. Mbuga ni udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa ukikauka, ndiyo maana hata nyumba zinachanika kuta. Kule tairi nyembamba ni kosa. Lakini hapohapo kwenu, panda kidogo mpaka kwenye luseni, ule mchanga wa juu: mvua ikinyesha ndiyo kwanza unapitika vizuri kuliko kiangazi. Ndani ya kilomita kumi unahitaji baiskeli tatu tofauti.

Mbio za mleta uzi zilikuwa Kasulu. Ninachosema ni cha Kasulu.

#7 Siti ya Nyuma
Kwa hiyo tumeshapata fundi wa vyuma na fundi wa udongo. Bado fundi wa kienyeji tu, najua yuko njiani anakuja.

#8 Mpenda Haki
Mimi nitasema ambalo wote mnaliogopa. Alikata njia.

Naijua ile sehemu. Kabla ya kijito kuna kichochoro kinapita katikati ya shamba la migomba, wenyeji wote wanakipita kwenda kisimani. Kinakuokolea zaidi ya kilomita nzima kila mzunguko. Mzee wa mkaa anaishi upande gani? Na waandaaji waliweka mtu mmoja tu wa kuhesabu, tena kijana mwenye mwavuli anayechezea simu. Namba za mgongoni zilikuwa za karatasi, dakika kumi za mvua hakuna anayeisoma. Leteni ushahidi kwamba alipita njia nzima ndipo tujadili tairi.

#9 Mteremko wa Tano
Mpenda Haki, hasira yako naielewa, nami hilo liliwahi kunijia nikiwa nimelala macho wazi. Lakini alinipita mlimani, nikiwa njia kuu, nimemwona kwa macho yangu akitokea nyuma yangu. Mtu aliyekata njia anatokea mbele, hatokei nyuma.

#10 Mpenda Haki
Mzunguko wa pili alitokea nyuma. Wa kwanza ulimwona?

#11 Mteremko wa Tano
Wa kwanza nilikuwa siwaoni watu, nilikuwa natoa tope jichoni.

#12 Dada Pedeli
Habari zenu. Nami nilikuwepo, nilimaliza wa kumi na nne na wa kwanza kwa wanawake (tulikuwa wawili, msinipigie makofi sana).

Wote mnazungumzia baiskeli kana kwamba ziliendeshwa. Nani aliendesha siku ile? Nikipiga hesabu, zaidi ya theluthi moja ya njia tulikuwa chini tunasukuma au tumebeba. Zile zilikuwa mbio za miguu zenye mzigo. Sasa tazama miguuni. Wenye baiskeli za gia wanne au watano walivaa vile viatu vya soli ngumu vyenye chuma cha kunasa kwenye pedeli. Viatu hivyo ukishuka kwenye utelezi ni sawa na kuvaa vigae. Na chuma kikijaa tope hakinasi tena, unagonga pedeli kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Mimi nilivaa raba za kawaida nikapoteza moja bondeni.

Mzee alivaa makatambuga. Tairi la gari mguuni! Jina lenyewe linasema. Alikuwa anapanda kama anakwenda shambani, hatua fupi fupi, mkono mmoja kwenye hendo, mmoja kwenye siti. Ndipo alipowapita.

#13 Fundi Gololi
Dada umesema jambo. Lakini Phoenix ina kilo karibu ishirini. Ya mleta uzi ikiwa kavu haifiki kumi na nne. Kama ni mbio za kubeba mzigo, mwenye mzigo mzito alipaswa kushindwa.

#14 Mgebuka Mkavu
Ikiwa kavu, fundi. Ikiwa kavu.

Mwaka juzi nilirudi kutoka Simbo na baiskeli ya gia kwenye tope, nikaipitisha kwa shemeji anayeuza dagaa, tukaitundika kwenye mizani yake kwa utani. Kilo ishirini na tatu na ushee. Nilipoiosha nikarudi kuipima, kumi na tatu na nusu. Yaani nilikuwa nimebeba karibu kilo kumi za shamba la watu. Mwenye shamba angenidai angeshinda kesi.

Zile fremu mpya zina pembe nyingi: shoki, vishikio, matundu, nyaya. Kila pembe ni ghala la tope. Phoenix ni mabomba tu, na nafasi kati ya gurudumu na fremu ni kubwa, kidole gumba kinapita bila kugusa kitu.

#15 Mtwana wa Sikonge
Na madigadi je? Phoenix ina madigadi ya bati. Tope likiingia kati ya tairi na madigadi baiskeli inagoma mara moja. Sisi yametukuta hayo na baiskeli ya baba, aina ya Swala, tulikuwa tunang'oa tope kwa kijiti kila baada ya mita mia. Mleta uzi, yake ilikuwa na madigadi?

#16 Mteremko wa Tano
Mbele haikuwa nayo, nyuma ipo. Nadhani. Wengine mliokuwepo mnikumbushe.

#17 Dada Pedeli
Nyuma haikuwepo pia. Nilikuwa nyuma yake mita chache tu mzunguko wa kwanza, mgongo wake wote ulikuwa mwekundu kuanzia kiunoni mpaka kisogoni. Na hii ikujibu na wewe Mpenda Haki: mzunguko wa kwanza yupo mtu aliyemwona. Mpaka kijitoni.

#18 Mpenda Haki
"Mpaka kijitoni." Kichochoro kiko kijitoni.

#19 Siti ya Nyuma
Huyu angezaliwa mapema angekuwa karani wa mahakama ya mwanzo.

#20 Kijiti cha Rangi
Hiyo ya kijiti ya #15 imenikumbusha. Kule Marekani, jimbo la Kansas, kuna mbio za njia za vumbi zinaitwa Unbound, zinaanzia mji wa Emporia, maili 200, yaani kilomita zaidi ya 320. Mwaka 2023 mvua iliwakuta, na mapema kabisa wakaingia kwenye kipande cha tope zito. Watu wenye baiskeli za bei ya gari walizitia begani wakatembea pembeni kwenye majani. Mikono ya gia ilivunjika kwa wingi kama anavyosema fundi. Waliojua walikuwa wamebeba vile vijiti bapa vya kukorogea rangi ya ukuta, wanakwangulia tope. Silaha yenyewe ndiyo hiyo, kijiti.

Kwa hiyo mkuu usijisikie vibaya. Ulichokosa ni kijiti.

#21 Mama Mawese
Wanangu, mimi sijui mbio lakini nina vijana watatu wa baiskeli na jibu liko jikoni. Mawese. Wanapaka chini ya fremu, kwenye mabomba na kwenye uma wa mbele kabla ya kutoka. Tope halishiki, linadondoka lenyewe. Kigoma nzima imejaa michikichi halafu mnashindwa na tope?

#22 Fundi Gololi
Shikamoo mama. Ni kweli kabisa, mafuta ya kula yoyote yanasaidia kwa saa ya kwanza. Ila jamani, msipake karibu na diski wala kwenye rimu yanaposhika mabreki. Alikuja kijana kwangu amepaka baiskeli yote ing'ae, mpaka diski. Alisimama kwa kutumia ukuta wa jirani.

#23 Mama Mawese
Marahaba. Huyo ni wa kwangu wa pili.

#24 Siti ya Nyuma
Nimemwaga karanga.

#25 Nesi wa Zamu
Nawasoma mnacheka ila nina neno. Mleta uzi amesema alikuwa anatoa tope jichoni. Mdomoni liliingia kiasi gani?

Njia za mashambani zinapitwa na ng'ombe na mbuzi, na tope lile nusu ni samadi. Mwaka 2008 kule Builth Wells, Wales, baada ya mbio za baiskeli za milimani zilizofanyika kwenye matope, washiriki zaidi ya mia moja waliharisha. Walipochunguzwa walikutwa na bakteria aina ya kampilobakta, na lawama ikaangukia tope lenye kinyesi cha kondoo lililowarukia usoni na kwenye chupa za maji. Chupa inakaa kwenye fremu, tope linapaka pale pa kunywea, unaweka mdomo unanyonya.

Na msidhani ni ya huko tu. Mnakumbuka homa ya mgunda, Ruangwa, mwaka 2022? Ile inatokana na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, kwenye maji na tope, na inapenya hata kwenye mchubuko wa ngozi. Ukianguka ukachubuka, osha kwa sabuni na maji safi palepale, usisubiri zawadi zitolewe. Chupa ifunike, hata kwa mfuko wa nailoni. Ukipata homa na maumivu makali ya misuli wiki moja au mbili baadaye, nenda kituo cha afya na umwambie daktari ulikuwa kwenye tope. Watu wanaficha hilo, wanaandikiwa dawa za malaria.

#26 Mteremko wa Tano
Asante dada nesi. Nilikunywa kama kawaida, sikufunika kitu. Tumbo lilinisumbua siku tatu nikalisingizia maharage ya bibi harusi wa jirani. Nitaenda kuomba radhi.

#27 Mjuaji Mkuu
Mnapoteza muda. Michezo ya wakubwa imeshaonyesha kila kitu. Baiskeli za milimani ziliingia Olimpiki mwaka 2000 na tangu hapo hakuna aliyeshinda na Phoenix. Tena mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani yamefanyika hapo Kigali mwaka 2025, hatua mbili tu kutoka Kigoma, na hatukuona mkaa wowote.

#28 Kijiti cha Rangi
Mjuaji, mawili umekosea kwa pumzi moja. Ziliingia Olimpiki Atlanta, 1996. Kwa wanaume alishinda Bart Brentjens wa Uholanzi, kwa wanawake Paola Pezzo wa Italia. Na Kigali Septemba 2025 yalikuwa mashindano ya dunia ya barabarani, lami na mawe ya kupangwa, akashinda Tadej Pogačar kwa wanaume. Ya milimani Afrika iliyapata mapema zaidi: Pietermaritzburg, Afrika Kusini, 2013, akashinda Nino Schurter wa Uswisi.

#29 Mjuaji Mkuu
Nilikuwa nawapima.

#30 Jirani wa Manyovu
Naongeza la kwangu. Hao wazee wa mizigo msiwalinganishe na mtu anayeendesha Jumapili kwa Jumapili. Njooni huku mpakani muwaone wenzetu wa Burundi. Jamaa anashuka mlima na mikungu ya ndizi inayomzidi kimo, baiskeli ya jino moja. Akitaka kupanda anashika nyuma ya lori. (Hatari tupu, nimeona kilichotokea lori likifunga breki, sitaki kusimulia.)

Mzee wa mkaa kila siku anashuka na magunia mawili matatu. Uzito huo unamfundisha mteremko: wapi pa kuachia, wapi pa kushuka na kuishika. Siku ile alikuwa na baiskeli tupu. Kwake ilikuwa kama kupewa mtoto kumshika baada ya kushindana na ng'ombe. Mleta uzi umekataza neno mazoezi, sasa mimi silisemi.

#31 Fundi Gololi
Hapo kwenye mteremko ndipo mimi mwenyewe napata kigugumizi. Breki za Phoenix ni vile vyuma vinavyovuta mipira kubana rimu kwa ndani. Rimu ya chuma ikilowa, breki hizo ni mapambo. Unabana, unaomba Mungu, unasubiri. Wenye diski walipaswa kumwacha mbali kila mteremko. Kwa nini hawakumwacha?

#32 Dada Pedeli
Kwa sababu hakutumia breki za baiskeli. Alishusha mguu. Katambuga moja chini, inakwangua ardhi kama plau, nyingine kwenye pedeli. Niliona mfereji wake njia nzima. Wenye diski walibana, gurudumu likafunga, tope likawapeleka. Mmoja alienda moja kwa moja kwenye shamba la mihogo, tukasikia sauti tu.

#33 Bwana Udongo
Na kuna suala la saa ambalo hakuna aliyeligusa. Mvua iliacha saa ngapi?

#34 Mteremko wa Tano
Tulianza saa mbili asubuhi ikiwa manyunyu. Ikakata kama saa tatu, jua likatoka. Sisi wa gia mzunguko wa kwanza tulikuwa mbele, hilo nilisahau kulisema. Watatu wa kwanza wote walikuwa wa gia.

#35 Bwana Udongo
Basi ndugu yangu hiyo ni habari kubwa ulitakiwa kuianza nayo. Tope la maji maji halishiki, linaruka na kutoka. Linaloshika ni lile lililoanza kukauka, zito kama ugali. Mlipoingia mzunguko wa pili jua lilikuwa limelikoroga likawa ugali, na watu thelathini walikuwa wameshalikanyaga. Mzunguko wa kwanza gia zinafanya kazi, wa pili zinakufa. Mvua ingeendelea kunyesha mpaka mwisho, mimi naamini ungemshinda mzee.

#36 Fundi Gololi
Yaani tunarudi palepale. Tope likawa zito, likajaa kwenye mkono wa gia. #3.

#37 Bwana Udongo
Likajaa kwenye tairi pana. #4.

#38 Dada Pedeli
Mkashuka mkasukuma. #12.

#39 Mpenda Haki
Na kichochoro kikakauka kikapitika. #8.

#40 Siti ya Nyuma
Mvua yenyewe ingeulizwa ingesema ni yeye.

#41 Mkaa Wangu Jirani
Wakuu, nimesoma uzi wote nikacheka peke yangu kwenye kibanda. Huyo mzee namfahamu, tunapakana ua. Jana jioni nilimpelekea maswali yenu yote. Nawapa majibu kama alivyoyatoa.

Madigadi: aliyatoa yote miaka mingi, yanampigia kelele. Tairi: ya nyuma ina pancha ndogo asiyoiziba, kwa hiyo ilikuwa nusu upepo tangu anaanza, akaijaza mara moja kijitoni kwa pampu ya kuazima. Breki: ya nyuma haijafanya kazi tangu kabla ya uchaguzi, hakusema upi. Kichochoro: anasema hawezi kukipita na baiskeli kwa sababu mwenye migomba ile wana ugomvi wa mpaka.

Nilipomuuliza siri ni nini alifikiri kidogo akasema alikuwa anawahi, baiskeli ni ya shemeji yake na alitakiwa kuirudisha kabla ya saa sita.

#42 Fundi Gololi
Nusu upepo! Hiyo ni kubwa. Tairi ikilegea inalala, inagusa ardhi eneo kubwa zaidi, inashika. Wenye gia karibu wote wanakuja kwangu nawajazia mpaka tairi inalia kama ngoma, wanadhani ndiyo wepesi. Kwenye tope punguza. Ila ya tyubu usilegeze kupita kiasi, ukigonga jiwe rimu inaitafuna tyubu inatoboka matundu mawili pamoja, kama meno ya nyoka.

#43 Bwana Udongo
Lakini tairi iliyolegea ndiyo tairi pana. Sasa ilikata kama kisu au ililala?

#44 Fundi Gololi
Ya mbele ilikata, ya nyuma ililala.

#45 Bwana Udongo
Fundi.

#46 Mpenda Haki
Ngoja. Baiskeli si yake? Basi magunia ya mkaa anashusha na nini?

#47 Mkaa Wangu Jirani
Na ya kwake. Ya kwake ilikuwa kwa fundi.

#48 Mjuaji Mkuu
Pia kama alisukuma baiskeli njia nzima basi ushindi ni batili. Mbio za baiskeli ni za kuendesha.

#49 Kijiti cha Rangi
Si batili. Hata kwenye mashindano makubwa ya milimani unaruhusiwa kushuka, kusukuma na kubeba, mradi ni wewe mwenyewe na baiskeli yako unafika nayo mwisho. Na zile mbio za matopeni za Ubelgiji za majira ya baridi, kukimbia na baiskeli begani ni sehemu ya mchezo wenyewe. Tofauti ni kwamba wale wana baiskeli ya akiba pembeni na mtu wa kuiosha kila wanapopita.

#50 Mama Mawese
Kuosha na lile bomba la maji ya nguvu la magari msifanye. Kijana wangu wa kwanza aliosha hivyo, maji yakaingia kwenye beringi, ndani ya mwezi magurudumu yanalia kama paka. Ndoo na kitambaa, halafu mafuta kidogo kwenye cheni.

#51 Mteremko wa Tano
Nawashukuru wote, nimepata elimu japo jibu sijalipata. Kuna mbio nyingine ndogo Jumapili hii, njia ileile, na tangu jana mawingu yamekaa juu ya mlima hayaendi popote. Mkono wa gia mpya haujafika. Nimeenda kwa baba mkwe nikaazima Phoenix yake. Ameniuliza mara mbili kama niko sawa nyumbani.

Madigadi nimeyatoa. Upepo nimepunguza nyuma tu, fundi atajua mwenyewe. Makatambuga nimenunua sokoni. Kava la cheni ndilo nabishana nalo, niliache au nilitoe?

#52 Fundi Gololi
Liache.

#53 Mtwana wa Sikonge
Litoe. Tope likishaingia ndani ya kava halina mlango wa kutokea.

#54 Dada Pedeli
Mimi nakuja na ya gia. Nimenunua kijiti.

#55 Mkaa Wangu Jirani
Nimemwambia mzee kwamba unakuja na Phoenix. Ameuliza kama ya kwako ina pampu, maana aliyemwazima ile ya kijitoni amehamia Uvinza.